Tembe Kabla ya Saruji

Nina swali moja kwa wote wanaotaka kutujengea kinu cha nyuklia, iwe Uyombo kule Kilifi au Siaya ufuoni mwa Ziwa Victoria: tembe ziko wapi?

Siulizi kuhusu megawati. Megawati tumehubiriwa vya kutosha. Wala siulizi kuhusu ajira za vijana, manake hizo huahidiwa hata mtu akifungua kioski cha soda. Nauliza kuhusu tembe moja ndogo ya potasiamu aiodaidi, ambayo wenzetu wanaoishi karibu na vinu huko Uswisi huiweka nyumbani kama sisi tunavyoweka kiberiti na mshumaa. Ni dawa ya bei rahisi. Haitaki friji, haitaki sindano. Na katika miaka yote hii ya mikutano ya hadhara na warsha za hotelini, mimi sijamsikia afisa hata mmoja akiitaja kwa jina.

Hoja yangu ni fupi, na nitaisema mapema ili asiyekubali aanze kukasirika sasa hivi. Serikali ambayo haiwezi kuweka tembe moja katika kila nyumba kabla ya ajali haina haki ya kuweka kinu karibu na nyumba yoyote. Tembe kwanza. Saruji baadaye.

Haya, tuanze na tembe yenyewe, kwa sababu uongo mwingi huzaliwa hapa.

Shingoni, mbele ya koo, kuna tezi yenye umbo kama la kipepeo. Ikivimba wazee wanaita rovu. Tezi hii inahitaji aiodini, ndiyo maana chumvi yetu Kenya hutiwa aiodini kwa sheria, na chumvi nyingi huvunwa papo hapo kaunti ya Kilifi, Gongoni na Marereni. Shida ya tezi ni kwamba haibagui. Kinu kikipasuka, moja ya vitu vinavyotoka mapema ni aiodini-131, yenye mionzi. Unaivuta kwa pumzi, ama inaangukia majani, ng'ombe anakula, mtoto anapewa maziwa. Tezi inaipokea kama aiodini yoyote, inaihifadhi, na mionzi inaanza kuichoma kutoka ndani. Kila siku 8 nguvu yake hupungua nusu, lakini wiki chache zinatosha kumharibu mtoto.

Tembe inafanya kazi kama matatu ya jioni pale Kongowea. Inajaza viti vyote kwa abiria salama. Yule abiria mbaya akifika, makanga anamwambia gari limejaa, kajaribu linalofuata. Linalofuata halipo, basi anatoka mwilini na mkojo.

Hiyo ndiyo kazi yake yote, nduguyangu. Haizuii sizia, haizuii strontiamu, haikulindi na mionzi inayokupiga kutoka nje. Anayekuambia tembe hii ni kinga ya nyuklia anakuuzia kitu. Wala usikimbilie ile aiodini ya kupaka vidonda ukainywa, hiyo ni sumu tumboni. Wala chumvi haitakusaidia. Machi 2011, habari za Fukushima zilipoenea, watu Uchina walimaliza chumvi madukani kwa hofu. Kupata aiodini iliyo ndani ya tembe moja ya mtu mzima ungelazimika kula kilo kadhaa za chumvi, na chumvi yenyewe ingekuwahi kabla ya mionzi.

Kipimo kinajulikana. Mtu mzima miligramu 130. Mtoto wa miaka 3 hadi 12, nusu ya hiyo. Wa mwezi mmoja hadi miaka 3, robo. Aliyezaliwa juzi, miligramu 16. Waja wazito na wanaonyonyesha huwa mstari wa mbele, na watu wenye maradhi ya tezi wanatakiwa wamuulize daktari mapema. Waliopita miaka 40 hawafaidiki sana, kwa sababu tezi zao hazidhuriki kwa urahisi kama za watoto. Kwa maneno mengine, hii ni dawa ya vijana na watoto wao. Ukiwatazama wanaokaa meza kuu kutia sahihi mikataba ya vinu, wengi wamepita arobaini kitambo.

Sasa skiza sehemu inayonikosesha usingizi. Shirika la Afya Duniani linasema wakati mzuri wa kumeza ni ndani ya saa 24 kabla ya mionzi kufika, hadi saa 2 baada ya kufika. Bado kuna faida mpaka kama saa 8. Ukimeza siku nzima baadaye, madhara yanaweza kushinda faida.

Saa mbili. Saa nane. Hapo utajua kwamba swali langu linahusu saa kuliko linavyohusu dawa.

Mimi nakaa Mishomoroni. Tuseme tembe zimenunuliwa kweli, zimo kwenye maboksi, zimefungiwa ghala fulani kisiwani, na funguo anazo ofisa mmoja ambaye simu yake imezima chaji. Tuseme ni Ijumaa saa kumi na moja jioni. Unaijua Daraja la Nyali saa kumi na moja jioni? Unaijua ile foleni ya Kengeleni, ambapo unaweza kununua njugu, kuzila, kumaliza, na bado unaangalia bango lile lile? Hiyo ni Ijumaa ya kawaida, watu wanarudi zao nyumbani. Siku ya ajali kila mwenye gari atakuwa barabarani, kila mama atakuwa anatafuta mtoto madrasa, na kila boda itakuwa imebeba watu wanne. Gari la tembe litapita wapi?

Tena hapo nimekubali kwamba tembe zipo. Mwaka jana tulimpeleka mtoto wa dada yangu zahanati akiwa na homa. Mhudumu tulimpata, kipimo tulifanyiwa, halafu tukapewa karatasi twende tukanunue dawa kwa kemisti. Siilaumu zahanati hiyo moja, kila anayesoma hapa ana karatasi kama hiyo nyumbani. Lakini ikiwa dawa ya homa inakosekana Jumanne asubuhi, jua linawaka na hakuna aliyekimbia, usiniambie dawa ya nyuklia itapatikana saa nane za usiku.

Ndiyo maana nasema tembe igawiwe kabla, nyumba kwa nyumba. Haya si mawazo ya mtu wa maskani aliyekunywa kahawa nyingi. Uswisi hufanya hivyo. Kila baada ya miaka kama 10 huwatumia tembe mpya wakaazi walio karibu na vinu, na mwaka 2014 walipanua eneo kutoka kilomita 20 hadi kilomita 50. Ufaransa iliongeza eneo lake kutoka kilomita 10 hadi 20 mwaka 2019. Ontario, Canada, mtu aliye ndani ya kilomita 50 anaweza kuagiza za bure. Januari 2020 kengele ya dharura ya kinu cha Pickering ilipolia kwa makosa, maelfu ya watu walizifuata ndani ya siku mbili. Kumbe watu wakielezwa hutaka kujikinga. Hofu huja pale wasipoelezwa.

Na kuna historia ambayo kila mtu wa NuPEA, hilo shirika letu la kawi ya nyuklia, angepaswa kuijua kama anavyojua namba yake ya kitambulisho.

Tarehe 26 Aprili 1986 kinu cha Chernobyl kilipasuka. Moscow ilinyamaza. Watu wa Pripyat, mji uliokuwa pua na mdomo na kinu, walihamishwa siku ya pili. Vijijini, watoto waliendelea kunywa maziwa kama kawaida. Kufikia 2005 zaidi ya visa 6,000 vya saratani ya tezi vilikuwa vimehesabiwa Belarus, Ukraine na sehemu za Urusi zilizoathirika, kwa watu waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali. Wengi walitibiwa wakaishi, lakini wameishi na kovu shingoni na dawa ya kila siku.

Jirani yao, Poland, hakuambiwa kitu. Waligundua wenyewe tarehe 28 Aprili, kwenye kituo cha kupima mionzi cha Mikołajki. Hawakuwa na tembe za kutosha. Wafamasia wakachanganya aiodini ya maji, wakaipeleka shuleni na kwenye zahanati, na kwa siku chache wakawanywesha watoto zaidi ya milioni 10 na watu wazima milioni kadhaa. Wakazuia watoto wasipewe maziwa mabichi ya ng'ombe waliolishwa malishoni, wakatoa ya unga. Angalia vizuri. Serikali ile haikuwa ya malaika, ilikuwa ya chama kimoja. Kilichookoa watoto ni kwamba kulikuwa na kifaa cha kupima, kulikuwa na mtu aliyeamini kipimo chake kuliko kimya cha mkubwa wake, na kulikuwa na mtandao wa shule na zahanati uliofika kila kijiji.

Japani nayo, nchi tajiri yenye nidhamu ambayo sisi huitolea mfano kila siku, ilikuwa na tembe Machi 2011. Zilikuwepo. Katika miji mingi zilikaa kwenye maboksi, kwa sababu amri ya kuzimeza haikufika ama ilifika imechelewa. Mji mdogo wa Miharu, kama kilomita 50 kutoka kinu cha Fukushima, ulichoka kungoja. Tarehe 15 Machi maofisa wa mji waliangalia upepo, wakaangalia mvua iliyokuwa ikija, wakaamua wenyewe, wakawagawia maelfu ya watu. Wakubwa wa mkoa wakawakemea warudishe tembe. Wakakataa.

Sasa wewe niambie: hapa kwetu, ofisa gani wa wadi atathubutu kufanya kama Miharu? Sisi ambao chifu hawezi kutoa barua bila kupiga simu juu?

Najua jibu litakalokuja: wewe wa Mishomoroni yanakuhusu nini, Uyombo iko mbali. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Uyombo hadi kwangu ni kama kilomita 70. Basi twende kwa kitabu chao wenyewe. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lina mwongozo wa dharura za vinu vikubwa, na kinu cha megawati 1,000 kama kile tulichoahidiwa ni kikubwa kwa kipimo hicho. Mwongozo unachora miduara. Wa kwanza kilomita 3 hadi 5, ambako watu hutakiwa kuchukua hatua hata kabla mionzi haijatoka. Wa pili hadi kilomita 15 au 30. Wa tatu, hadi kilomita 100, ambako lazima uwe na mpango wa kupima na kuhamisha watu ikibidi. Wa nne hadi kilomita 300, kwa ajili ya chakula na bidhaa. Kwa hivyo niko ndani. Mtwapa iko ndani, Likoni iko ndani, kisiwa chote kiko ndani. Kilifi mjini, Watamu, Malindi na Takaungu hazifiki hata kilomita 50. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,453,787 Kilifi na 1,208,333 Mombasa.

Halafu kuna kitu ambacho mduara wa bikari haukijui, nacho ni kaskazi. Mtoto yeyote wa Pwani anajua: kuanzia kama Desemba hadi Machi upepo unatoka kaskazini mashariki, ule ule ulioleta majahazi kutoka Ghuba kwa karne nyingi. Uyombo iko kaskazini yetu, kidogo mashariki. Kaskazi likivuma, linatoka kwao linakuja kwetu. Upepo wa kilomita 15 kwa saa ungefika Mishomoroni kwa chini ya saa 5. Kusi likiingia, inakuwa zamu ya Malindi na Ganze. Pale Fukushima kijiji cha Iitate kilikuwa kama kilomita 40 kutoka kinu, nje ya mduara wa kuhamishwa, watu wakakaa wakijua wako salama. Upepo na theluji vilikuwa vimeshapita kwao. Waliamriwa kuhama mwezi Aprili, wiki kadhaa zikiwa zimeshapita. Mvuvi wa Kilifi angewaambia bila digrii yoyote kwamba upepo hausomi ramani.

Sasa nije kwa hoja za wakubwa, moja moja.

Ya kwanza: vinu vya kisasa ni salama. Sawa, tukubali. Waswisi pia wanaamini vinu vyao ni salama, na bado wanatuma tembe kwa posta. Rubani anaamini ndege yake ni salama, na bado unaonyeshwa koti la kuokolea kabla haijaruka. Ukimsikia rubani anasema ndege yake haihitaji makoti, shuka.

Ya pili: kutaja tembe kutatia watu hofu. Hofu tunayo tayari. Mei 2024 watu wa Uyombo waliandamana wakakabiliwa na polisi. Wale hawakuwa wametishwa na tembe. Walitishwa na kuona wageni wakija kupima ardhi ya babu zao, kando ya mkono wa bahari wa Mida na karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, kabla ya mtu yeyote kukaa nao chini. Ukitaka kumtuliza mtu mpe taarifa na kitu cha kushika mkononi.

Ya tatu: ni mapema mno, kinu chenyewe bado. Hii ndiyo hoja inayonichekesha zaidi. Walitangaza ujenzi kuanza 2027 na umeme 2034. NuPEA iliundwa na Sheria ya Kawi ya 2019. Mwaka huo huo tukapata Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia na mamlaka yake ya kudhibiti, KNRA. Shirika la kimataifa lina orodha ya mambo 19 ambayo nchi lazima iyajenge kabla ya kinu, na maandalizi ya dharura ni mojawapo. Hayo si mambo ya kuongezwa mwishoni kama rangi ya ukuta. Ikiwa si mapema kuchagua ardhi ya mtu, si mapema kumwambia atameza nini.

Ya nne hutoka upande wetu, na hii naijibu kwa heshima kwa sababu ni ya wenzangu tunaopinga pamoja. Wanasema: ukiitisha tembe umeshakubali kinu, wamekununua kwa dawa ya bei ya chini. Hapana. Kuuliza bei si kununua. Tena hili ndilo swali linalowabana zaidi, kwa sababu halina siasa za kujificha. Ukiwaambia "hatutaki", watakuita adui wa maendeleo. Ukiwauliza "tembe za watoto wa Matsangoni zitakaa nyumba gani, nani atatoa amri, na kwa lugha gani?" lazima wajibu kwa majina na tarehe, ama wanyamaze mbele ya kila mtu. Mimi binafsi sioni kwa nini nchi inayopata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka kwa mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua ihangaike na kinu. Lakini hata anayekitaka kwa roho safi ana deni la kujibu swali hili.

Tena tuna sababu ya kutoamini ahadi za baadaye. Ng'ambo ya maji ya Tudor, Mikindani, kuna mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa pale mwaka 2007 katikati ya makaazi ya watu. Moshi na maji yake vikaleta madini ya risasi kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe mwenyewe aliathirika, alianza kupiga kelele. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikawapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na ikasema taasisi za serikali nazo zilibeba lawama. Rufaa ikaivuruga hukumu hiyo. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Hesabu miaka. Kumi kati ya kufungwa kwa kiwanda na neno la mwisho la mahakama. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza alishamaliza shule ya msingi. Na hicho kilikuwa kiwanda cha betri, kitu unachoweza kukizunguka kwa miguu. Sumu yake ilionekana, ilinuka, iliacha doa kwenye mabati. Aiodini-131 haina harufu wala rangi. Kama dola ilishindwa kuwalinda watu na kitu kinachonuka, kwa nini niamini kwa mdomo kwamba itanilinda na kisichonuka?

Mwaka 2025 macho ya wizara yaligeuka kuelekea Siaya, na hapa Pwani nikasikia watu wakishusha pumzi: alhamdulillahi, mzigo umehama. Jamani. Mtoto wa mvuvi wa Ziwa Victoria ana tezi ile ile. Samaki wa ziwani wanaliwa Kisumu, Nairobi, Kampala na hapa Kongowea. Tukishangilia kwamba hofu yetu imepewa wengine, hatukuwa tunapinga hatari, tulikuwa tunapinga anwani tu. Swali la tembe linatakiwa liulizwe kwa Kidholuo kwa sauti ile ile lililoulizwa kwa Kigiriama.

Ninachotaka ni vitu vinavyoweza kuhesabiwa.

Sheria iseme wazi kwamba KNRA haitatoa kibali cha ujenzi kabla ya mpango wa tembe kuchapishwa na kujaribiwa mbele ya wananchi. Tembe zigawiwe nyumba kwa nyumba katika maeneo ya karibu, na ziwekwe shuleni, madrasa, makanisani na kwenye zahanati katika maeneo ya mbali, kwa gharama ya mwenye kinu. Watu wa kuzigawa tunao: mwaka 2023 serikali yenyewe ilizindua wahudumu wa afya ya jamii kama 100,000 wanaobisha hodi milangoni. Wapewe na kazi hii, walipwe kwa wakati.

Karatasi ya maelezo iandikwe kwa lugha ya nyumba husika, ieleze kipimo cha mtoto kwa picha, ieleze pia kwamba usimeze mpaka uambiwe. Amri nayo isingoje mkutano wa wanahabari Nairobi. Mishomoroni nzima inasikia adhana kwa dakika moja. Vipaza sauti vya misikiti na makanisa vimefunika mitaa ambayo hakuna king'ora cha serikali kimewahi kuifikia, viwekwe kwenye mpango rasmi.

Na vipimo vya mionzi viwe wazi kwa kila mtu, kila saa, kwenye simu, visifungiwe faili. Poland ilijiokoa kwa sababu mtu fulani alisoma kipimo na hakukificha. Bila hilo, tembe ni pipi chungu tu. Ofisa akikuambia "hakuna hatari" huku upepo ukishafika, tembe iliyo kabatini haitajua kwamba ilikuwa zamu yake.

Wewe unayesoma hii kwenye simu ndani ya matatu, una kazi moja. Siku watakapokuja mtaani kwako, ama kwa shangazi yako Kilifi, ama kwa rafiki yako Siaya, na makaratasi yao na projekta yao, ngoja wamalize. Wape makofi wakitaka. Halafu inua mkono, uulize wapi zitakaa tembe, nani ana funguo, na zitafikaje kwa mama mwenye mtoto wa wiki mbili usiku wa manane. Mtu aandike jibu, na jina la aliyejibu, na tarehe. Wakikosa jibu, wasitie hata karai moja ya saruji.